Shangazi Aliinuka Dakika ya Tatu

Shangazi aliinuka dakika ya tatu. Hakusema neno. Alijifunga leso upya, akachukua sinia la kahawa ambalo vikombe vyake vilikuwa bado vimejaa, akaenda nalo jikoni. Mgeni angedhani amekwenda kuongeza tangawizi. Sisi tunaomjua tulifahamu kwamba ameondoka.

Tulikuwa kwa Ami, Kibokoni, Mombasa, Jumamosi usiku baada ya Isha, katika siku zile za kaskazi ambapo kuta za mawe hutoa usiku joto lote zililolinywa mchana. Ami anapiga udi tangu kabla sijazaliwa. Shangazi ni dadake mkubwa, na katika nyumba ile neno lake ndilo la mwisho. Alikuwapo pia mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 17, na jirani mmoja, Mdigo wa Kwale, seremala ambaye kukiwa na harusi kwao hushika ngoma ya sengenya mpaka alfajiri. Mimi nimepiga fidla katika vikundi vya taarabu za harusi kwa miaka 19, na siku hizi nafundisha watoto. Usiku ule nilikuja na spika yangu ndogo, nina hamu ya kuwasikizisha kitu ambacho nilikuwa nimekaa nacho peke yangu muda mrefu, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumwambia.

Kitu chenyewe ni kazi ya Krzysztof Penderecki, mtunzi wa Poland, ya mwaka 1960. Imeandikwa kwa vyombo vya nyuzi 52: fidla 24, viola 10, cello 10 na besi 8. Huchukua karibu dakika tisa. Kwa makusudi sikuwatajia jina lake. Nilitaka wasikie sauti kwanza.

Niliikuta miaka sita iliyopita nikitafuta mtandaoni mazoezi ya mkono wa kushoto, na nakumbuka niliketi kitandani na fidla mapajani kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Mwanzoni kabisa wapigaji hawakuandikiwa nota. Wameambiwa tu watoe sauti ya juu kuliko zote ambayo chombo kinaweza kuitoa, basi kila mmoja anatoa yake. Kisha wanapitisha upinde nyuma ya kile kibao kidogo kinachobeba nyuzi, mahali ambapo mwalimu wangu aliniwekea kidole na kunambia huku hakuna muziki. Wanagonga mbao kwa vidole. Sauti zinapangwa bega kwa bega, robo kwa robo, mpaka sikio linakosa nota ya kushika na linakutana na kitu kizima kama ukuta. Mwishoni wote 52 wanaingia pamoja kwa kishindo, kila mmoja na sauti yake, na kishindo kile kinadidimia taratibu hadi huwezi kusema kimekwisha wakati gani.

Ilipokwisha, wa kwanza kusema alikuwa kijana. "Mjomba, hii ni ya sinema za kutisha."

Hakukosea. Mwongozaji sinema Stanley Kubrick alimtumia Penderecki kwa wingi katika The Shining ya mwaka 1980, na tangu 1968 alikuwa amemtia mtunzi mwingine, György Ligeti, katika sinema yake ya safari ya anga. Mamilioni ya watu ambao hawangekaa dakika tano kwenye ukumbi wa okestra wamesikia muziki huu gizani na hawakudai warudishiwe pesa zao. Picha ilikuwa inawaambia sauti ile ni ya nini. Lakini kuna gharama yake, nami nasikitika kila nikiifikiria: sikio la mpwa wangu limekwisha kufungwa. Sauti ikigongana na mwenzake anaona mlango unafunguka wenyewe na mtu ana shoka. Ana miaka 17 na tayari ameambiwa aogope nini.

Jirani yetu wa Kwale alikuwa na adabu zaidi. "Ndugu yangu, mimi nimengoja waanze."

Hapo Ami, aliyekuwa amefumba macho muda wote, akayafumbua. "Wameanza," akasema. "Huu ndio ule wakati wa kutia nyuzi." Akatueleza jambo ambalo, kwa miaka yote niliyokaa nyuma yake jukwaani, hakuwahi kunambia. Kwamba katika maisha yake yote ya udi, saa aliyoipenda zaidi ni ile kabla ya harusi kuanza, qanuni inamtafuta udi, fidla zinatafutana zenyewe kwa zenyewe, akodiani inashikilia sauti moja ili wengine waifuate, na wageni wanaongea kwa kuwa wanadhani hakuna kinachopigwa. "Mimi nilikuwa nikiomba isiishe," akasema. "Basi huyu Mpolandi amekataa kuiacha ipite." Akaniomba nirudie mwisho, pale wote 52 wanapozimika. Aliusikiza mara tatu.

Watu wa Ulaya waliozoea piano, yenye sauti 12 tu katika kila mzunguko, hushtushwa sana na zile sauti zilizo katikati ya nota mbili. Ami hakushtuka nazo. Maqam, yaani mpangilio wa sauti katika muziki wa Kiarabu, iwe ya rast au ya bayati, haiwezekani bila hizo sauti za katikati. Anazitia kidoleni kila siku, na huzisikia pia kila qari mzuri anaposoma. Kilichomshangaza ni kuzisikia zote kwa pamoja, hakuna iliyopewa heshima kuliko mwenzake. Mimi mtu wa vitabu vya muziki nilitarajia mzee wa udi ndiye atakayeudhika na kijana wa simu ndiye atakayefurahi. Nilikuwa nimewapanga watu kwa umri wao, na wakanipangua.

Kisha Shangazi akarudi na sinia, kahawa ikiwa moto upya. Kuta za nyumba ile ni nene lakini mlango wa jikoni ni pazia, kwa hivyo alikuwa amesikia kila kitu mpaka mwisho.

"Kwani kumekufa nani?" akauliza.

Ndipo nikawatajia jina. Inaitwa Maombolezo ya Wahanga wa Hiroshima, mji wa Japani uliopigwa bomu la atomiki tarehe 6 Agosti 1945. Shangazi akaweka sinia chini. "Inna lillahi," akasema, kisha akanitazama kwa hasira ya kweli. "Mbona hukunambia mapema? Ningekaa. Mtu haondoki matangani kwa kuwa kilio ni kibaya."

Sikuwa na la kusema. Alikuwa amesikia kilio tangu jikoni, bila jina, bila sinema, naye ndiye aliyekuwa ameondoka. Wale waliokaa walisikia shetani, na matayarisho, na nyuzi zikitiwa sawa.

Labda ningenyamaza. Lakini najali mambo haya, na niliona si haki kumwachia nusu ya habari. Nikamweleza kwamba Penderecki hakuanza na Hiroshima. Jina la kwanza la kazi ile lilikuwa urefu wake tu, dakika nane na sekunde 37. Jina la wafu lilikuja baadaye.

Shangazi alifikiri kidogo. "Basi alilia kwanza," akasema, "kisha akatafuta maiti."

Nimesoma maandishi mengi juu ya kazi ile. Sijakutana na sentensi iliyonikaa hivyo. Nimemjibu mara nyingi nikiwa peke yangu. Nimemwambia: Shangazi, na sisi ndivyo tufanyavyo. Marehemu Juma Bhalo, ambaye wewe unamjua wimbo kwa wimbo, alichukua lahani za sinema za Kihindi akazitilia maneno ya Kimvita. Sauti ilikuwapo kwanza, imezaliwa Bombay kwa ajili ya wapenzi wawili kwenye skrini, kisha ikaja huku ikapewa kisa cha mtu wa Mombasa, na mkalia nayo. Hakuna aliyesema lahani ile ni ya uongo kwa kuwa maneno yalichelewa. Kwa nini kwa Mpolandi iwe kosa? Hapo huona nimeshinda. Halafu namsikia akijibu kwamba mapenzi hayana mwenyewe, kila mtu anaweza kuyavaa, lakini maiti wana wenyewe. Na hapo huwa nimeshindwa tena. Naipenda kazi ile vilevile. Ila siku hizi naisikiza nikijua kuna swali mlangoni.

Usiku ule nilifanya kosa jingine. Nilimfuata jikoni, nikasema kwa upole, nikiamini nasema jambo la hekima: "Shangazi, hujaizoea tu."

"Joto la Machi nimelizoea miaka 70," akajibu. "Umenisikia nikilisifu?"

Neno hili la "hujazoea" lina umri wake, na wapenzi wa muziki mpya tunalitumia kama fimbo. Ushahidi wetu huwa ni ule wa Paris. Tarehe 29 Mei 1913, katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées, kundi la dansi la Sergei Diaghilev lilicheza kwa mara ya kwanza kazi ya mtunzi Igor Stravinsky juu ya ibada za kale za Urusi, ambamo msichana anacheza mpaka anakufa. Watu walianza kucheka na kuzomea kabla mambo hayajachanganya. Kelele zikawa kubwa hata wachezaji wakawa hawaisikii okestra, na Vaslav Nijinsky, aliyebuni uchezaji ule, akasimama juu ya kiti pembeni mwa jukwaa akiwapigia kelele za kuhesabu hatua. Pierre Monteux, aliyeiongoza okestra, hakusimamisha. Mwaka uliofuata muziki ule ule ulipigwa Paris bila dansi, na safari hii Stravinsky alitoka amebebwa mabegani. Mwaka mmoja! Hii ndiyo hadithi tunayoipenda, kwa kuwa inatuambia wanaokataa leo ni wale watakaobeba mtu mabegani kesho.

Lakini miezi miwili kabla ya Paris, tarehe 31 Machi 1913, kulikuwa na usiku mwingine, Vienna, na huo hatuusimulii sana. Mtunzi Arnold Schoenberg aliongoza kazi yake na za wengine, wakiwamo wanafunzi wake, katika ukumbi wa Musikverein. Schoenberg ndiye, kuanzia mwaka 1908 hivi, aliyeanza kuiondolea lahani kwao. Maana kila lahani tuliyoizoea ina kwao: inatoka, inazunguka, inajifanya imepotea, na sikio linastarehe kwa kuwa linajua itarudi. Yeye aliandika sauti zisizo na pa kurudi. Usiku ule zilipofikiwa nyimbo mbili kati ya tano za mwanafunzi wake Alban Berg, nyimbo fupi mno zenye maneno ya kadi za posta, ukumbi ukachafuka. Watu wakapigana. Kipande cha mwisho, nyimbo za Gustav Mahler za kuomboleza watoto, hakikupigwa kabisa. Watu wa Vienna waliuita usiku ule tamasha la makofi, na hawakukusudia makofi ya kupongeza. Walikusudia ya shavuni.

Hakuna mwaka uliofuata kwa nyimbo zile. Berg hakubebwa. Alizificha, akaandika mambo mengine makubwa, akafa mwaka 1935 bila kuzisikia zote tano zikipigwa pamoja na okestra. Nikizisikiza leo, na ni nyimbo tamu, nasema kwa moyo wangu wote ni tamu, naona uchungu kwamba kuzomewa kwa dakika chache kuliweza kuzinyamazisha maisha yote ya mtunzi wake. Kwa hivyo sisemi kuzomea ni jambo dogo. Nasema tu kwamba muda hauhukumu kwa haki kama tunavyojiambia. Paris ulibadilika kwa mwaka. Vienna haukuharakishwa na mtu.

Schoenberg mwenyewe alitafuta dawa. Mwaka 1918 alianzisha chama cha kusikiza muziki faraghani. Waandishi wa magazeti hawakuruhusiwa. Programu haikutangazwa mapema, ili mtu asije kwa ajili ya jina fulani au asikose kwa ajili ya jina jingine. Kazi ngumu ilirudiwa, usiku huo au siku nyingine, hata sikio lipate mshiko. Na ilikatazwa kupiga makofi na kuzomea pia. Yale ya kwanza nayapenda yote. Nami usiku ule Kibokoni nilifanya mfano wake nilipoficha jina. Hilo la mwisho silikubali. Mtu aliyelelewa kwenye taarabu hawezi kulikubali. Kwetu msikizaji ana mwili. Ubeti ukimgusa anainuka, anapita katikati ya watu akicheza taratibu, anamtunza mwimbaji noti mbele ya macho ya kila mtu, na ukumbi mzima unajua ubeti ule umemhusu nani. Asiyeguswa anakaa. Aliyeudhika anaondoka na mkoba wake, na kuondoka kwake kunasomwa vilevile. Ukiwafungia wote kwenye viti na kuwaambia wasitoe sauti, umepata utulivu, lakini umempoteza yule aliyekuwa anajibu.

Juma lililofuata jirani yetu aliniuliza kama katika muziki huo hakuna wenye ngoma. Nikafurahi, nikampigia Drumming ya Steve Reich, Mmarekani aliyekwenda Ghana mwaka 1970 kusoma ngoma za Waewe, akaugua malaria, akarudi kwao kabla ya muda aliokusudia, kisha akaandika kazi hii ya takriban saa nzima. Inaanza na pigo moja. Wapigaji wanaongeza pigo baada ya pigo mpaka mfano wa mdundo unakamilika, kisha mmoja anaongeza mwendo kidogo tu, kwa unywele, mpaka anamtangulia mwenzake, na katikati ya mikono yao inazaliwa midundo ambayo hakuna aliyeipiga. Mimi kila mara nikifika hapo nywele zinanisimama.

Seremala alisikiza dakika 20 nzima, mkono wake ukigonga gotini. Kisha akasimamisha. "Hawa ni hodari," akasema. "Wanapiga sawa kama cherehani. Lakini ndugu, wanampigia nani? Huyu hamtazami mtu. Mimi nikibadilisha mdundo ni kwa kuwa kuna mama amebadilisha mguu."

Nilimweleza habari za Reich na Ghana, nikidhani atapata fahari. Hakupata. Alisema ndiyo, anasikia kwamba kuna kitu cha huku kimechukuliwa, na aliyekichukua amekitunza vizuri, amekisafisha, amekiweka kabatini. Sikubaliani naye. Naona Reich alichukua kanuni ya jinsi mdundo unavyofumwa, hakuchukua ngoma ya mtu, na alichojenga nacho hakikuwapo Ghana wala Marekani. Ligeti naye alipokutana na muziki wa Waaka wa Afrika ya Kati, katika miaka ya 1980, alichukua wazo la midundo mingi inayokimbia juu ya mpigo mmoja mdogo, na vipande vya piano alivyoandika baada ya hapo havifanani na msitu wowote. Hata hivyo swali la "wanampigia nani" silifukuzi. Ni swali la mtu ambaye ngoma kwake ni mazungumzo, na muziki huu umeandikwa ili usibadilike hata kama ukumbi mzima ungeinuka ukacheza.

Hapa ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo fikra zangu za "kuzoea" zilikuwa zimenifichia. Sisi watu wa Mombasa tunasikiza maneno. Muulize mtu wimbo mzuri wa taarabu kwa nini ni mzuri, atakusomea beti. Hata mivutano yetu wenyewe ya muziki, na imekuwa mikali, kwa kiasi kikubwa ilikuwa juu ya nini kinachoyabeba maneno. Wako waliokuwa na Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, na udi wake wa Kiarabu na mashairi ya zamani, wakaona lahani za Kihindi za Bhalo ni kuazima nguo. Wako waliokuwa na Bhalo mpaka mwisho. Zuhura Swaleh alipokuja na mwendo wa chakacha na tashkota, kile chombo cha Kijapani chenye vitufe kama vya taipureta ambacho sisi tumekifanya chetu hata watu wamesahau kilikotoka, wako walioona ngoma ya wanawake imetolewa uani. Kisha kinanda cha umeme kikala fidla zetu, na hilo nililiona kwa macho yangu, maana mimi ni mmoja wa walioliwa. Nikasema maneno yale yale ambayo mtu wa Vienna angeyasema: huu si muziki, hizi ni kelele. Nilikuwa nimesikiza. Nilikuwa nimeelewa kabisa. Na nilikataa.

Kwa hivyo mtu akinijia leo aniambie Shangazi hakukaa kwa kuwa hana elimu ya muziki, nitamkatalia papo hapo. Alikwenda kutafuta maneno akakuta hakuna, na badala yake akakuta kilio, na kilio bila jina la maiti ni jambo la kutisha kwa mtu aliyeosha maiti wangapi kwa mikono yake. Huyo ni msikizaji. Ami alikwenda kutafuta sauti za katikati akazikuta zimejaa tele. Seremala alikwenda kutafuta mguu wa mtu. Mpwa wangu ndiye pekee ambaye hakutafuta, aliambiwa na sinema, na huyo ndiye ninayemwonea huruma na ndiye ninayetaka arudi asikize tena.

Na nina hakika si suala la upya na ukale, kwa sababu ya jambo lililotokea mwezi uliofuata. Kijana, kwa kunitafuta maneno, alimwonyesha Shangazi kwenye simu kazi ya John Cage, Mmarekani, ile ya mwaka 1952 ya dakika nne na sekunde 33 ambamo mpigaji hapigi hata nota moja. Mara ya kwanza, tarehe 29 Agosti mwaka huo, karibu na Woodstock katika jimbo la New York, mpiga piano David Tudor alifunika na kufunua piano kuonyesha sehemu tatu, akatazama saa, akaondoka. Ukumbi ule ulikuwa wazi upande wa nyuma, kuna miti. Cage alisimulia baadaye kwamba sehemu ya kwanza ulisikika upepo, ya pili matone ya mvua juu ya paa, na ya tatu watu wenyewe wakinong'ona na kutoka. Wengi walikasirika. Hakuna kazi ya karne ile iliyokwenda mbali kuliko hiyo.

Shangazi aliitazama yote. Hakuinuka. Dirisha lilikuwa wazi, tuktuk ilipita, kunguru wa mkungu wakagombana, mtu akaburuta ndoo uani.

"Huyu ana adabu," akasema, akamrudishia mtoto simu. "Amekaa kimya mpaka mwisho."

Mimi mwenyewe sipendi kila kitu, nisije nikaonekana wakili wa wote. Kazi ya Pierre Boulez ya piano mbili ya mwaka 1952, ambamo urefu wa kila nota na nguvu yake na namna ya kuigonga vimepangwa kwa orodha, nimeijaribu mara nyingi. Nimeisoma nota kwa nota. Naielewa jinsi ilivyojengwa kama ninavyoielewa fidla yangu. Sipati pa kuingia, na sidhani nitapata, na mtu akinambia sijazoea nitamjibu kwa joto la Machi. Lakini zile dakika tisa za Penderecki zimo mwilini mwangu. Zimebadilisha hata ninavyofundisha. Mtoto akileta sauti mbaya kwa upinde sikimbilii tena kumwambia acha. Namwambia aishike kwanza, asikie imetengenezwa na nini, kisha achague kama anaitaka.

Juzi nilipita kwa Ami jioni. Alikuwa peke yake sebuleni na udi, anajaribu kitu kwa aibu ya mtu mzima: anapitisha kidole cha kushoto juu ya uzi polepole, hasimamii nota, anatafuta mahali fulani kati ya sauti mbili. Alijaribu hapa, akajaribu pale. Shangazi alikuwa jikoni anakuna nazi, na mbuzi ilikuwa inasikika, kwaru kwaru, upande wa pili wa pazia.

Kidole cha Ami kikapita mahali fulani na mbuzi ikanyamaza.

"Hiyo," Shangazi akasema kutoka jikoni. "Hiyo hapo ndiyo niliyoichukia."

Ami akarudisha kidole nyuma kidogo, akapiga tena.

"Siyo. Umeteremka."

Akakipandisha kwa unywele, akapiga.

"Hiyo hiyo," akasema, na akaendelea kukuna nazi.